Pikipiki ya kabureta inapiga mabomu ukiachia resi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya ni ya pikipiki za kabureta zenye silinda moja, zile tunazopanda kila siku mjini na shamba. Mifano mingi nimeichukua kwenye injini ya Honda CG125, kwa sababu tangu ilipotoka mwaka 1976 imenakiliwa na viwanda vingi vya China. Ukikuta 156FMI imegongwa kwenye injini, mara nyingi hiyo ni ukoo wa CG125. Hiyo 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni injini ya kupozwa na upepo, M ni pikipiki na I ni daraja la sisi (cc) 125, yaani ukubwa wa injini. Ikiwa 162FMJ, mara nyingi ni kaka yake wa sisi 150.

Huo mlio unatoka wapi hasa?

Unatoka ndani ya ekzosi. Ukiachia resi huku gia iko ndani, tairi la nyuma ndilo linaloizungusha injini. Slaidi ya kabureta, kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta resi, imeshuka, hewa inayopita ni kidogo, na petroli inayoingia ni ya jeti ndogo (kitundu kidogo cha kupimia mafuta) peke yake. Moshi wa mzunguko uliopita nao haujatoka wote, umebaki mle ndani na kuchanganyika na hicho kidogo kilichoingia. Mchanganyiko wa namna hiyo ni mgumu kushika moto. Plagi inapiga cheche kama kawaida, lakini mizunguko mingine inapita bila kuwaka, na petroli inasukumwa mbichi mpaka kwenye bomba.

Kwenye bomba joto lipo tayari. Kinachokosekana ni hewa safi. Ikipata mwanya wa kuingia, ile petroli inawakia humo humo, na wewe unasikia pa-pa-pa kila unaposhuka mteremko.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kutafuta: kwa nini petroli inatoka mbichi, na hewa inayoiwasha inapitia wapi. Fundi asiyejiuliza hilo la pili atakubadilishia vifaa mpaka uchoke.

Je, kila pikipiki inayopasua ni mbovu?

Hapana. Milio miwili mitatu ya chini chini unapoachia resi ghafla ukiwa gia ya tatu ni kawaida kwa pikipiki nyingi, hasa zenye ekzosi fupi. Cha kuangalia ni mabadiliko. Kama jana ilikuwa kimya na leo inapasua, kuna kitu kimelegea, kimeziba au kimetoboka. Mlio ukiongozana na injini kupata moto kuliko kawaida, au kuzima ukisimama kwenye taa, usiuache.

Nianze kukagua wapi?

Anza pale ekzosi inapokutana na silinda hedi. Wengi wanakimbilia kabureta kwa kuwa ndiyo wanayoifahamu, lakini mimi nikiletewa pikipiki yenye ugonjwa huu siigusi kabureta kabla ya kupiga magoti na kutazama ile shingo ya bomba.

Hapo pana gasketi ya duara, nyembamba, inayobanwa na nati mbili. Imetengenezwa ibonyee mara moja ili izibe vizuri. Ukifungua ekzosi na kuirudisha na gasketi ile ile, mara nyingi haizibi tena sawasawa. Na moshi hautoki kwenye bomba kwa mkondo mmoja kama maji ya mferejini, unatoka kwa mapigo. Baada ya kila pigo presha ndani ya bomba inashuka chini ya ile ya nje, na kama pana ufa, hewa inafyonzwa kuingia. Ndiyo maana tundu dogo lisilotoa hata moshi wa kuonekana linatosha kuleta vurugu.

Dalili yake inaonekana kwa macho: masizi meusi yamepaka kwenye mapezi ya silinda hedi, kuzunguka mdomo wa bomba, kama mtu kapitisha kidole chenye mkaa. Ukiyaona hayo umeshapata kazi ya kwanza. Nunua gasketi mpya, kwangua mabaki ya ile ya zamani yote (mara nyingine utakuta mbili zimebandikana), rudisha bomba, kaza nati kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, ili bomba likae sawa. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza, bomba linakaa mshazari na gasketi mpya inaharibika siku hiyo hiyo. Stadi nazo usizilazimishe. Zikikatikia ndani ya hedi, kazi ya dakika kumi imegeuka ya kutwa.

Silikoni nyekundu ya kwenye tyubu usiipake hapo. Joto la mdomo wa ekzosi linaiunguza, na baada ya muda mfupi umerudi pale pale.

Nikishindwa kuona masizi, nitajuaje kama ekzosi inavuja?

Fanya hivi asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa. Iwashe, chukua kitambaa kinene kilicholowa maji, zibia mdomo wa nyuma wa ekzosi kwa sekunde chache. Ekzosi isiyovuja itataka kuizima injini, na utasikia nguvu ikikusukuma mkono. Inayovuja itafanya ssss mahali fulani, na injini itaendelea kunguruma bila wasiwasi. Fuata mlio huo. Maji ya sabuni kwenye maungio yatakuonyesha mapovu kabla chuma hakijapata moto.

Kagua pia kwa chini, pale bomba linapoingia kwenye kopo la nyuma, na sehemu zilizowahi kuchomelewa. Kutu hula bomba kwa chini ambako hutazami, na pikipiki za pwani zinaongoza kwa hilo.

Fundi amesema jeti kubwa ndiyo tatizo. Nimruhusu abadilishe?

Mwambie asubiri. Jeti kubwa inafanya kazi resi ikiwa imefunguliwa sana. Ukiachia resi, slaidi iko chini, sindano imezama, na jeti kubwa haina la kusema. Anayetaka kuondoa mlio wa kuachia resi kwa kubadilisha jeti kubwa atakuongezea ulaji wa mafuta na mlio atauacha.

Jeti inayohusika ni ile ndogo, ya sailensi, inayoilisha injini ikiwa inanguruma bila kuguswa. Tundu lake halifiki hata nusu milimita: kwenye jeti za Keihin, namba 38 maana yake tundu la kama milimita 0.38. Chembe ya kutu kutoka kwenye tanki inatosha kuliziba nusu. Likizibika nusu, injini itawaka, utatembea, lakini mafuta ya sailensi yatakuwa machache mno, mchanganyiko utakuwa mkavu, na kila ukiachia resi utasikia fataki.

Jeti ndogo inasafishwaje?

Funga koki ya mafuta, mwaga petroli iliyomo kwenye bakuli la kabureta, fungua bakuli, toa jeti kwa bisibisi inayoenea vizuri kwenye mfereji wake. Jeti ni shaba nyeupe au ya njano, laini, na bisibisi nyembamba inaikata kichwa mara moja.

Iinue uitazame kuelekea mwanga wa mchana. Unatakiwa kuona nukta ya duara iliyo safi. Ukiona mwezi mchanga, imeziba. Loweka kwenye petroli safi au dawa ya kabureta, kisha puliza kwa upepo wa mashine ya kujazia matairi. Ikigoma, pitisha uzi mmoja wa waya wa umeme wa shaba. Waya wa chuma, sindano ya kushonea au waya wa breki ya baiskeli usiutumie, maana unapanua tundu, na jeti iliyopanuka haina tiba.

Puliza na njia za ndani ya kabureta yenyewe, hasa vile vitundu vidogo vilivyo sakafuni karibu na slaidi. Wengi wanasafisha jeti inang'aa kisha wanairudisha kwenye kabureta iliyoziba.

Uchafu huo una ulikotoka. Kama tanki lina kutu, au kichujio cha mafuta kimeondolewa, utarudia kazi hii kila baada ya muda mfupi.

Ile skrubu ya pembeni ya kabureta naigeuza upande gani?

Inategemea iko wapi, na hapa ndipo ushauri wa vijiweni unapogongana. Kama skrubu iko upande wa injini, yaani mbele ya slaidi, inapima mafuta: kuifungua kunaongeza petroli. Kama iko nyuma ya slaidi, upande wa kichujio cha hewa, inapima hewa: kuifungua kunapunguza utajiri wa mafuta. Wawili wanaobishana kuhusu "fungua" na "funga" wanaweza kuwa sahihi wote, kila mmoja kwa kabureta yake.

Kuiweka sawa, tembea na pikipiki mpaka ipate moto vizuri. Zima, geuza skrubu kwenda ndani taratibu mpaka iguse, bila kuikaza, kwa sababu ncha yake ni nyembamba na inavunjika au kuchonga kiti chake. Hesabu ilizunguka mara ngapi ili ukitaka kurudi ulipotoka ujue. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu, washa, na uendelee robo kwa robo ukisikiliza. Kuna mahali injini inapanda na kunguruma kwa utulivu kuliko kwingine kote. Hapo ndipo. Sasa shusha sailensi kwa ile skrubu nyingine inayoinua slaidi. CG125 inakaa vizuri kwenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika. Rudia mara ya pili, maana kugusa moja kunavuruga nyingine.

Kama injini inazidi kupendeza kadiri unavyoongeza mafuta, mpaka skrubu inakaribia kutoka, jeti ndogo imeziba au kuna hewa inaingia mahali pengine. Skrubu haiwezi kufidia hilo.

Kuna njia ya haraka ya kujua kama mafuta ni machache?

Ipo, na haihitaji spana. Tafuta barabara yenye mteremko usio na magari, shuka ukiwa umeachia resi, isikilize inavyopasua. Rudi juu, shuka tena, safari hii ukiwa umevuta choki nusu. Mlio ukipungua au kuisha, injini ilikuwa inakosa mafuta kwenye sailensi, au inaingiza hewa ya wizi. Usipobadilika, rudi kwenye ekzosi. Ukizidi, huenda mafuta ni mengi tayari, kwa sababu hata mchanganyiko uliolowa sana unapita bila kuwaka.

Rangi ya plagi watu wanaipenda sana, ila kwa tatizo hili ni shahidi dhaifu. Inakueleza zaidi jinsi ulivyokuwa ukiendesha huko barabarani kuliko kilichotokea zile sekunde chache ulizoachia resi.

"Hewa ya wizi" inaingilia wapi?

Kati ya kabureta na silinda. Hapo pana kipande cha kuunganisha, mara nyingi chenye mpira, oringi na boliti mbili. Mpira ukizeeka unapasuka nyufa ndogo upande wa chini. Oringi inabonyea na kuwa bapa. Boliti zinalegea kwa mtikisiko wa mizigo, na ukiibebesha pikipiki magunia ya mkaa kila siku usishangae.

Iache injini kwenye sailensi, chukua chupa ya kunyunyizia maji, nyunyiza kidogo kuzunguka maungio hayo. Mngurumo ukibadilika hata kwa sekunde moja, umepata tundu. Wapo wanaotumia petroli au dawa ya kabureta kwa kazi hii. Ni kweli inaonyesha haraka zaidi, lakini unaimwagia karibu na bomba lenye moto, na mimi sioni sababu ya kujitafutia msiba.

Dalili nyingine ya hewa ya wizi ni injini kuchelewa kushuka. Unaachia resi, yenyewe inabaki juu kwanza, halafu ndiyo inateremka.

Nilibadilisha ekzosi, au nilitoa vyuma vya ndani. Ndicho chanzo?

Inawezekana sana. Ekzosi iliyo wazi inatoa moshi kirahisi zaidi, na kabureta iliyopimwa kwa ekzosi ya kiwandani inaanza kutoa mafuta machache kuliko hewa inayopita. Pia milio iliyokuwa ikimezwa na kopo sasa inasikika mtaa mzima. Ukitaka kubaki nayo, utahitaji jeti ndogo ya namba moja juu na kupima skrubu upya. Ukiondoa na sponji ya kichujio cha hewa "ili ipumue", umekausha mchanganyiko mara ya pili, na vumbi la barabara za udongo litakula pistoni.

Valvu zinahusikaje?

Valvu ya kutolea moshi iliyobana haifungi sawasawa, hivyo sehemu ya mchanganyiko inavujia kwenye ekzosi kabla ya wakati wake. Kwenye CG125 nafasi inayotakiwa kati ya valvu na roka inayoisukuma ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa ya baridi, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo na alama ya T ya sumaku ikiwa imelingana na alama ya kava. Pima kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Kupima kwa "kusikilizia kwa kidole" ndiko kunakoua valvu.

Tatizo ni kwamba valvu ikichakaa kwenye kiti chake inazama, na nafasi inapungua. Injini inazidi kuwa kimya, mwenyewe anafurahi. Kisha kuna fundi ambaye akisikia tik-tik anakaza mpaka tik-tik iishe, na wateja wanamsifu. Injini ya namna hii ikinyamaza kabisa, mimi ndipo ninapoitilia shaka.

Plagi na umeme?

Cheche dhaifu inaacha mizunguko mingi bila kuwaka, hivyo nayo inaweza kuleta mlio. Lakini mara nyingi itamisi na ukivuta resi pia. Angalia mwanya wa plagi uwe milimita 0.6 hadi 0.7, kofia ya plagi isilegee, na waya wake usiwe umepasuka. Plagi mpya ni bei ndogo, ijaribu kabla ya kununua koili au CDI (kisanduku kinachoamuru cheche).

Kuna mpira unatoka kwenye kichujio cha hewa kwenda karibu na ekzosi. Ni wa nini?

Ni wa kupunguza uchafu wa moshi. Unapeleka hewa safi kwenye njia ya kutolea moshi ili petroli iliyobaki iungulie humo. Utaukuta kwenye baadhi ya pikipiki za Kihindi, Kichina na Kijapani. Ukiachia resi, hewa hiyo inatakiwa ikatwe, na anayeikata ni valvu ndogo inayovutwa na kimpira chembamba kinachotoka upande wa kabureta. Kimpira kikichomoka au kupasuka, valvu inabaki wazi na mlio unaanza. Ubane ule mpira mkubwa kwa koleo, tembea kidogo. Kimya kikirudi, umeshamjua mwizi. Badilisha kimpira au valvu.

Kwenye Honda nyingi zenye kabureta ya dayaframu kuna kidude kingine, kimefichwa ubavuni mwa kabureta chini ya kifuniko kidogo. Kazi yake ni kupunguza hewa ya jeti ndogo unapoachia resi, ili mchanganyiko usikauke. Ngozi yake ikitoboka, unaweza kusafisha kabureta mwaka mzima bila nafuu. Itoe, ivute taratibu mbele ya mwanga, utaona tundu.

Mafuta ya kuchakachua yanaweza kusababisha?

Yanaweza. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kama petroli, kwa hiyo sehemu yake inapita bila kuungua. Uchakachuaji huo ndio uliofanya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta Tanzania mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Kama mlio ulianza siku ile ile uliyojaza kwenye chupa za barabarani, mwaga, jaza kituoni, kisha ndiyo uanze kufungua vitu.

Nilikuwa Njombe haikupasua, nimefika Dar es Salaam inapasua. Kwa nini?

Juu milimani hewa ni nyepesi, na kabureta haijui hilo, inatoa petroli ile ile. Kwa hiyo fundi wa Njombe anapunguza mafuta ili pikipiki isilowe. Ukishuka nayo baharini hewa ni nzito, yale mafuta hayatoshi tena, mchanganyiko unakauka. Pima skrubu upya ukishafika. Na kama mlio umeusikia ukishuka Kitonga tu, umeachia resi mfululizo na gia ya chini, usiwe na wasiwasi mkubwa: mteremko mrefu kama ule unaitoa fataki hata pikipiki nzima.

Vijana wanaozima swichi wakiwa mwendoni ili ipige bomu, wanaharibu nini?

Swichi ikizimwa injini inaendelea kuzunguka na kusukuma petroli mbichi kwenye ekzosi bila cheche. Ikiwashwa, yote inalipuka kwa pamoja. Kuta za ndani za kopo zinapasuka, maungio yanaachia, gasketi ya shingoni inachoka. Baada ya miezi michache kijana huyo huyo anauliza mbona siku hizi inapasua yenyewe bila kuguswa swichi.

Yangu inapasulia kwenye kabureta, si kwenye ekzosi.

Huo ni ugonjwa mwingine. Mara nyingi hutokea ukivuta resi, na chanzo ni mafuta machache sana, valvu ya kuingizia iliyobana, au muda wa cheche uliopotea. Usiache muda mrefu, kwa sababu moto unarudi upande wenye petroli.

Nimefanya yote na bado inapasua.

Pima mgandamizo. Kama huna geji, weka gia ya juu kabisa swichi ikiwa imezimwa, sukuma pikipiki polepole mpaka usikie pistoni imekataa, kisha ing'ang'anize hapo. Injini isiyo na tatizo inakushikilia. Ikiachia upesi huku unasikia pumzi ndani ya ekzosi, valvu ya kutolea moshi imeungua au kiti chake kimeharibika. Hiyo ni kazi ya kushusha hedi na kusaga valvu, na ukishaishusha weka gasketi mpya ya ekzosi kwa wakati huo huo.